Nilienda darasa la uzazi na mama mkwe wangu

"Kuzaa nako kunafundishwa?" Mama mkwe wangu aliniuliza hivo nilipomwambia kuanzia Alhamisi saa nane niko na darasa, na hakuuliza kwa ubaya, alikuwa anashangaa tu. Alikuwa ameketi pale nje anachambua mrenda, akaacha mikono kwa uteo akaniangalia. Yeye amezaa saba, wote nyumbani. Huyo wa nne karibu amuue, lakini hiyo nilikuja kujua kwa hilo hilo darasa, na ndiyo imefanya niandike hii yote.

Mi niko Kakamega, nafanya kazi kwa duka la M-Pesa karibu na stendi. Bwanangu anaendesha trela, anatoa mzigo Mombasa anavuka Malaba anaenda Kampala, kwa hivyo kwa mwezi tunaonana siku nne, tano kukiwa na bahati. Hii ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Kliniki nilikuwa naenda vizuri, siku hizi wanataka ufike mara nane kabla ya kujifungua, hiyo ya mara nane ilianza kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016, kabla ya hapo ilikuwa nne. Nikiwa na wiki 24 nikaona karatasi imebandikwa mlangoni ati kuna darasa la wazazi watarajiwa, bure, uje na mtu mwenye utakuwa naye siku ya kujifungua.

Huyo mtu ndio ilikuwa shida. Dadangu ako Eldoret na watoto wadogo. Nikampigia bwanangu akiwa kwa foleni ya Malaba, akasema bila hata kufikiria, si uende na mama. Nikanyamaza. Wanawake wenye mmeolewa huku mtanielewa, mama mkwe wangu ni mtu mzuri sana lakini nikiongea naye nainamisha macho, nikimpelekea maji ya kunawa nafunga kitambaa kichwani, sasa nitaketi naye vipi mahali wanaongea mambo ya uke na kushonwa na maziwa kuvuja? Nilikaa na hiyo kitu wiki nzima. Mwishowe ni yeye alisema, "Hiyo Alhamisi yako tunaenda saa ngapi?" Kumbe bwanangu alishampigia.

Darasa lenyewe lilikuwa kwa kile chumba cha kuchanja watoto. Viti vya mbao, mabango ya chanjo ukutani, mizani ya kupima watoto inaning'inia. Tulikuwa wamama kumi na mmoja na mwanaume mmoja, jamaa wa boda aliyekaa karibu na mlango ameshika helmeti yake magotini. Sista aliyetufunza ni mkunga wa miaka mingi, sauti ya chini, haharakishi. Hakuanza kutufunza kitu. Alisema kila mtu ataje kitu kimoja anaogopa.

Hapo ndio nilijua nimekuja mahali pazuri, maanake watu walisema ukweli. Mmoja anaogopa kupasuliwa, mwingine anaogopa kujisaidia kitandani watu wakiona, mwingine anaogopa pesa, mwingine anaogopa mtoto atoke na sikoseli kwa sababu kwao iko na dadake alipoteza wawili, msichana mmoja mdogo sana akasema anaogopa kupigwa makofi na manesi venye binamu yake alipigwa. Nilidhani sista atakasirika au akatae. Hakukataa. Alisema hiyo imetokea mahali pengi na ni makosa, hakuna uchungu unaisha kwa kofi, na akasema hiyo ndio sababu moja anataka kila mtu aje na mwenzake. Na yule wa sikoseli akamwambia yeye na bwanake wapimwe damu, maanake mtu anaweza kuwa nayo nusu bila kuugua siku hata moja, na wazazi wote wawili wakiwa nayo nusu ndio mtoto anaweza kuipata yote.

Mi nilisema naogopa maumivu. Haikuwa ukweli wote, nilikuwa naogopa kuwa peke yangu, lakini singeweza kusema hivo bwanangu akiwa barabarani na mamake ameketi hapo kando yangu.

Ikafika kwa Mama. Sikujua kama atasema kitu, yeye si mgonjwa, amesindikiza tu. Akasema, "Mimi naogopa damu." Akanyamaza. Sista akamwangalia kidogo, akaandika kwa daftari, akaenda kwa mtu mwingine.

Sasa niwaambie kuhusu sweta. Alhamisi ya pili sista alikuja na sweta ya shingo ndefu, ile inafunika shingo yote, na mwanasesere wa plastiki. Akamwingiza mwanasesere ndani ya sweta kichwa kikiangalia shingo, akatuambia hii sweta ni nyumba ya mtoto, na hii shingo yake ndiyo mlango wa kizazi. Akaanza kuvuta sweta pole pole kutoka juu, si kumsukuma mtoto, anavuta tu sweta. Tukaona ile shingo ndefu inakuwa fupi, inafupika, inafupika, hadi ikabaki ukingo tu, na hapo ndio ikaanza kufunguka kichwa kikaonekana. Akasema uchungu ndio huu, nyumba inajivuta juu ya mtoto, na kazi ya masaa ya kwanza yote ni kufupisha hii shingo na kuilainisha, ndio maana unaweza kuumwa usiku mzima ukifika unaambiwa umefunguka sentimita mbili na ukadhani hakuna kitu imefanyika. Imefanyika. Shingo imeisha.

Sijui kama naeleza vizuri lakini hiyo sweta iliniondolea woga zaidi ya maneno yote niliyosikia kwa miezi sita. Mimi nilikuwa nimeambiwa tu "utafunguka hadi kumi", kumi ya nini, inafunguka vipi, ni kama mlango wa nyumba au nini? Akatupatia kamba tukapima sentimita kumi, inakaa kama mdomo wa kikombe kikubwa cha chai. Akatuambia leba yenyewe ya nguvu inahesabiwa kuanzia sentimita tano, kabla ya hapo mwili unajipanga, na mtoto wa kwanza kujipanga kunaweza chukua muda mrefu sana, usijichoshe kwa kusukuma au kulia, kula kidogo, kunywa uji, lala katikati ya uchungu mmoja na mwingine, tembea. Kuhusu kufunguka sentimita moja kila saa, hiyo hesabu ya zamani, akasema wanawake wengi hawaendi hivo na mtoto ako sawa kabisa, mradi wanamsikiliza roho inapiga vizuri.

Mama alikuwa kimya yote hiyo. Tukiwa njiani kurudi, tumepita pale kwa wauza ndizi, akasema, "Watoto saba. Hakuna mtu amewahi kunionyesha." Alisema kama mtu mwenye ameibiwa. Halafu jioni nikamkuta ametoa sweta ya zamani ya marehemu mzee, anavuta vile sista alikuwa anavuta, peke yake, jikoni.

Darasa lingine lilikuwa la chakula na hapo nilishikwa. Wenye mmekulia huku mnajua odowa, yale mawe laini yanauzwa sokoni kwa mafungu. Mimba ikinishika miezi mitatu hivi, harufu ya mvua ya kwanza ikigonga vumbi ilikuwa inanitoa mate, na odowa ndio ilikuwa inanyamazisha hiyo kitu. Nilikuwa natafuna ya shilingi 20 kila siku nikihudumia wateja. Sista akauliza nani anakula, mikono saba ikaenda juu, yangu ikiwa ya mwisho. Hakutugombeza. Akasema hamu ya udongo mara nyingi inakuja mtu akiwa na upungufu wa damu, halafu huo udongo wenyewe unazuia mwili kuchukua madini ya chuma, kwa hivyo unakula kwa sababu huna damu na unazidi kukosa damu kwa sababu unakula, na mwingine unakuja na mayai ya minyoo. Damu yangu ilikuwa 9.8 kwa kijitabu cha kliniki. Mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Na zile tembe za chuma na foliki nilikuwa napewa nilikuwa nazimeza na chai asubuhi, kumbe chai nayo inazuia ile chuma isiingie.

Kwetu kumwambia mtu ale bila chai ni jambo zito. Lakini Mama ndiye aliibeba hiyo kazi, kutoka siku hiyo chai ikawa inakuja masaa mawili baada ya chakula, tembe nameza usiku na maji ya ndimu, omena, maini siku pesa ikiwepo, mboga za kienyeji kila siku. Odowa hakuninyang'anya. Alikuja dukani saa sita mchana na njugu karanga amezikaanga mwenyewe amezifunga kwa gazeti, akaweka kwa meza, akaenda. Alifanya hivo wiki mbili. Nikaacha. Nikipimwa tena nikiwa wiki 33 damu ilikuwa 11.3.

Mambo ya malaria yalipita haraka kwa sababu wengi tulikuwa tunajua, huku upande wa ziwa na magharibi mjamzito anapewa zile tembe za SP kila mwezi akishapita wiki 13, na neti bure. Nimetaja tu kwa sababu mmoja wetu alikuwa anazificha chini ya ulimi anaenda kutema nje kwa vile zinamtapisha, na alipojua malaria inaweza jificha kwa kondo la nyuma mama mwenyewe asisikie homa, na mtoto anazaliwa mdogo, alilia. Tafadhali kama zinakutapisha sema, kula kwanza, lakini meza.

Halafu ikafika Alhamisi ya dalili za hatari. Sista akazitaja akihesabu kwa vidole: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kufura, homa, tumbo kuuma bila kuachilia, chupa kupasuka kabla ya wakati, mtoto kupunguza kucheza. Akasema mkiona moja ya hizi hakuna kungoja asubuhi. Akaenda kwa damu baada ya kuzaa. Na hapo Mama akainua mkono kama mtoto wa shule.

Akasema, kwa Kiswahili chake cha pole pole, kwamba mwaka 1989 alizaa mtoto wa nne nyumbani, mtoto akatoka vizuri, akalia, lakini kondo la nyuma likakataa kutoka. Yule mama aliyekuwa anamzalisha akasema tungoje. Wakangoja. Damu ikawa inatoka tu, si kwa nguvu, inatoka tu kama bomba halijafungwa vizuri, mpaka mkeka ukaloa, mpaka akaanza kusikia watu wakiongea kwa umbali. Bwanake na shemeji wakamfunga kwa baiskeli na leso wakamsukuma hadi lami, wakapata pikapu ya miwa, akafika hospitali ya misheni akiwa hajui aliko. Akasema, "Nilikuwa nasikia baridi. Mpaka leo kukiwa na baridi ya ile aina najua ni ya kufa."

Chumba kizima kilinyamaza. Mtoto wa nne ni bwanangu. Hajawahi kuambiwa. Nilimweleza usiku huo kwa simu na alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika.

Sista hakumkatiza, alipomaliza akamwambia asante mama, halafu akatumia hiyo hadithi kutufunza, na alifanya kwa heshima sana. Akasema baada ya mtoto kutoka, nyumba inatakiwa ijikaze, kwa sababu mishipa ya damu imepita katikati ya misuli yake na misuli ikikaza ndio inaifunga ile mishipa. Isipokaza, damu inaendelea. Ndio maana siku hizi mtoto akitoka tu, ndani ya dakika moja mama anadungwa sindano ya oksitosini kwa paja. Ndio maana kunyonyesha mapema kunasaidia, mtoto akinyonya mwili unatoa ile dawa yake wenyewe. Na akatufundisha kushika chini ya kitovu baada ya kuzaa, unatakiwa usikie kitu kigumu kimeviringana, kama embe changa. Ukisikia laini kama unga umekandwa, ita mtu, usiogope kusumbua. Akatutolea na ile plastiki inawekwa chini ya mama kukusanya damu, iko na mistari ya kupimia, akasema zamani walikuwa wanakadiria kwa macho na macho yanadanganya. Kumbe kuna utafiti ulifanywa kwa hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, matokeo yakatoka 2023, mahali walipima damu na hiyo plastiki na wakapeana matibabu yote kwa pamoja bila kungoja, visa vya kuvuja damu vibaya sana vilipungua kwa asilimia 60. Mama akaomba kuishika hiyo plastiki. Akaigeuza geuza, akauliza nusu lita ni mstari upi.

Kupumua tulifanya Alhamisi mbili. Sista alituambia kuna daktari wa Uingereza, Grantly Dick-Read, aliyekuwa anaandika tangu miaka ya 1930 kwamba ukiogopa mwili unakaza, ukikaza unaumia zaidi, ukiumia unaogopa zaidi, inazunguka hivo. Sio uchungu wote ni woga, na sista alikubali hivo, lakini huo mzunguko upo, nimeuona. Tulifunzwa kutoa pumzi ndefu kuliko ile ya kuvuta, kulegeza taya na mabega, na kutoa sauti nzito ya chini badala ya kupiga nduru. Mama akasema wao walikuwa wanaambiwa wanyamaze kabisa, mwanamke akilia leba anaaibisha kwao. Sista akamwambia mwache huyu atoe sauti mama, sauti ya chini inafungua.

Na mikono. Wenzetu waliokuja walifunzwa kukandamiza mgongo wa chini, pale juu ya makalio, na ngumi au kiganja, kwa nguvu, uchungu ukija. Yule jamaa wa boda alikuwa anaogopa kumuumiza bibi yake. Mama hakuogopa, Mama amekamua ng'ombe na kulima miaka hamsini, alipoweka ngumi zake hapo nikasikia mgongo umepata ukuta wa kuegemea. Kutoka siku hiyo sikufunga kitambaa tena nikiwa naye nyumbani na hakusema kitu.

Niseme pia kitu hakikuwa sawa, kwa sababu sitaki mtu aende akidhani atapata yote. Kupasuliwa kuliongelewa dakika kumi tu, na ni kwa sababu mtu aliuliza. Watu wawili kati yetu kumi na mmoja walipasuliwa, na mmoja aliniambia baadaye alihisi kama amefeli mtihani, na hiyo ni uchungu wa bure, wangetuambia mapema kwamba hiyo pia ni kuzaa, na kidonda kinatunzwa vipi, na utanyonyesha ukilalia upande gani. Na mambo ya akili baada ya kuzaa hayakutajwa kabisa. Mi wiki ya pili nilikuwa nalia saa kumi na mbili jioni kila siku bila sababu na sikujua kama ni kawaida. Iliisha yenyewe, lakini kuna mtu kwake haiishi, na huyo anahitaji kuambiwa pa kwenda.

Uchungu wangu ulianza Jumamosi jioni, mvua ile ya Kakamega inanyesha hadi huwezi kusikia redio. Mwanzo ilikuwa kama ya mwezi, inakuja inaenda. Zamani ningekimbia hospitali saa hiyo hiyo. Mama akaleta uji, akaniambia lala. Alikuwa amebuni njia yake ya kuhesabu kwa sababu simu haimpendezi: aliweka mahindi makavu kwa kikombe, kila uchungu ukija anahamisha punje moja kwa kikombe kingine, saa ikiisha anahesabu, anarudisha, anaanza upya. Saa tatu usiku punje nne. Saa tano punje saba. Saa saba usiku punje kumi na mbili, na kila moja nilikuwa siwezi kuongea ndani yake. Kumi na mbili kwa saa ni moja kila dakika tano. Akapigia yule mtu wa Probox tuliyekuwa tumepatana naye bei mwezi mzima kabla, mia tano, na akakuja na hiyo mvua bila kuongeza hata shilingi. Begi ilikuwa mlangoni tangu wiki ya 36. Nikiinuka chupa ikapasuka, Mama akachukua taa akaangalia yale maji, akasema ni meupe, hayana kijani, twende.

Nilipopimwa nilikuwa sentimita sita. Nesi wa zamu alikuwa msichana mdogo na amechoka, akasema wasindikizaji wakae nje. Nilisikia roho inaanguka. Mama hakupandisha sauti. Akamwambia, "Mwanangu, mimi nimesoma darasa pamoja na huyu, Alhamisi zote. Sitashika kitu bila kuniambia. Nitasimama upande wa mgongo wake tu." Yule nesi akamwangalia, akauliza darasa la nani, akaambiwa, akasema basi vaeni hii. Akampatia aproni.

Masaa yaliyofuata siyakumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka ngumi. Nakumbuka sauti yake kwa sikio langu inasema "toa hewa, toa yote, legeza mdomo", maneno ya sista yenyewe lakini kwa mdomo wake, na mara mbili hivi nilipopanda na kuanza kupiga nduru yeye ndiye alianza kutoa ile sauti nzito ya chini nami nikaifuata. Mwanamke aliyeambiwa anyamaze mara saba. Nilisukuma nikiwa nimelala upande, nesi hakukataa. Mtoto wa kike, kilo 3.1, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Wakamweka kifuani akiwa na utelezi wake wote, wakangoja kitovu kiache kudunda ndio wakakata, sindano ya paja sikuisikia hata. Kondo lilitoka kama dakika kumi baadaye na Mama aliomba kulitazama, nesi akalifungua akamwonyesha limetoka zima.

Tukahamishwa kitandani. Nesi akaenda kwa mama mwingine aliyekuwa anasukuma. Mtoto alikuwa ananyonya, mi niko na usingizi mzuri sana, najisikia nimemaliza kila kitu. Mama akaweka mkono chini ya kitovu changu. Akautoa, akauweka tena. Akasema, "Hii imekuwa laini." Hakuningoja nijibu. Akaenda mlangoni akaita, nesi akakuja, akashika, akaanza kukanda kwa nguvu, yakatoka madonge makubwa ya damu, mawili matatu, akaita mwenzake wakaniwekea dripu yenye oksitosini, wakaendelea kukanda hadi nikalia machozi. Baada ya muda ikakaza. Nesi akamwambia Mama ashike asikie tofauti. Akashika. Akasema, "Embe."

Sikupata ile baridi aliyoieleza. Nilimwambia hivo baadaye, tukiwa wawili tu, nilimwambia mama sikusikia baridi. Akageuka akajifanya anapanga nguo za mtoto kwa begi.

Bwanangu alifika Jumanne. Mtoto tumempa jina la nyanya yake mzaa Mama. Kitovu tulipaka ile jeli ya klorheksidini tuliyopewa, si samli, si majivu, na ni Mama aliyewakataza majirani mlangoni. Hatukumwosha siku ya kwanza. Miezi sita maziwa tu, sasa tuko wa nne na anaendelea vizuri.

Jirani yetu ako na msichana mwenye mimba ya miezi saba, mume wake ako Nairobi kwa mjengo na mamake alishafariki. Alhamisi hii nimerudi kutoka kazini nikakuta nyumba imefungwa, mtoto ako kwa shangazi yake, uteo uko pale nje na mrenda nusu haijachambuliwa. Mama na huyo msichana wamerudi saa kumi na moja wote wawili wakiongea kwa sauti. Ile sweta ya mzee Mama alikuwa ameibeba chini ya kwapa, ati ya sista imeanza kutoboka.